Nilisoma Vitabu 17 vya Uanafunzi, Lakini Msamaha Sikuwa Nimeomba



Hii posti nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne. Hii ni ya tano, na nimeamua itaenda hivyo ilivyo.

Kabla sijaanza, kuna mtu ndani ya hii stori ambaye safari hii nimemwomba ruhusa. Amesoma kila mstari kabla yako. Alinipa masharti matatu: jina lake nisilitaje, kilichomtokea nisikieleze, na nisimfanye malaika. Nimekubali yote. Kwa hivyo kama umekuja kutafuta udaku, pole sana, leo hakuna. Lakini kama wewe ni mtu wa kusoma vitabu vya kiroho, ama wa kuandika maisha yako huku mtandaoni, ama yote mawili kama mimi, kaa kidogo tuongee.

Wanaonifuata kitambo wanaijua rafu yangu. Iko nyuma yangu kwa kila video. Vitabu 17 vya uanafunzi, vimepangwa kwa rangi, na kamsumaa kando. Kuna Tozer, kuna C. S. Lewis, kuna Thomas à Kempis, kuna Bunyan na safari yake ya msafiri. Mwaka wa 2024 nilikuwa nimeweka nadhiri ya kumaliza kitabu kimoja kila mwezi, na kila nikimaliza naandika nilichojifunza. Watu walipenda. Mtu akiniandikia "dada, umenibariki," siku yangu inakuwa sawa kabisa.

Shida ni kwamba nilianza kusoma nikitafuta sentensi. Sijui kama unanielewa. Nilikuwa nafungua kitabu na kalamu ya manjano mkononi, macho yanatafuta ile mistari miwili itakayotoshea kwa picha. Nikiipata, nimemaliza sura. Kitabu kingeweza kuniambia "uza vyote ulivyo navyo," na mimi ningepigia mstari, niweke kamsumaa, nipige picha.

Sasa, kitabu kilichonikamata.

Nilikinunua Tom Mboya, kwa wale wauzaji wa inama, wanaotandika vitabu chini kwa gunia mpaka lazima uiname ndiyo uchague. Aliniambia mia mbili, nikamshusha hadi mia na hamsini. Jalada limechanika kona, na ndani mtu ameandika kwa wino "1978" na sahihi isiyosomeka. Mwandishi ni Dietrich Bonhoeffer. Kwa Kiingereza kinaitwa The Cost of Discipleship. Kwa Kijerumani, lugha alichoandikiwa mwaka wa 1937, kinaitwa Nachfolge, yaani kufuata. Kufuata tu. Neno la gharama liliwekwa na waliokitafsiri kwa Kiingereza.

Kama humjui huyu msee, acha nikupe kwa ufupi. Alizaliwa mwaka wa 1906 Ujerumani, kwa familia ya wasomi. Alipata shahada ya udaktari akiwa na miaka 21. Mwaka wa 1930 akaenda New York kusoma, na huko akawa anaabudu kwa kanisa la Wamarekani Weusi mtaa wa Harlem, akifundisha watoto Sunday school. Aliporudi kwao, Hitler akaingia madarakani mwaka wa 1933, na makanisa mengi yakaona ni sawa tu, wengine hata wakafurahia. Bonhoeffer akawa upande wa waliokataa. Akaongoza chuo kidogo cha wachungaji mahali panaitwa Finkenwalde, mpaka polisi wa siri wa Hitler wakakifunga mwaka huohuo wa 1937. Kwa hivyo hakuandika hiki kitabu akiwa amekaa hotelini na laptopu. Aliandika akifundisha vijana ambao walijua wakimaliza masomo, jela inaweza kuwa mlango unaofuata.

Kitu anachopigana nacho kuanzia ukurasa wa kwanza ni neema ya bei rahisi. Acha niieleze kwa maneno yetu. Unajua nyanya za saa moja jioni sokoni? Mama mboga anataka kwenda nyumbani, anakumwagia nyanya kwa karatasi, hahesabu. Bonhoeffer anasema kanisa lilikuwa linagawa neema hivyo. Umekosa? Umesamehewa, beba, twende. Hakuna anayekuuliza kama umeacha lile jambo. Hakuna anayekuuliza uliyemkosea ako wapi. Dhambi inahesabiwa haki, lakini mwenye dhambi habadiliki hata kidogo.

Nilisoma hiyo sura ya kwanza kwa matatu, Jogoo Road, jioni, jamu imekwama kutoka City Stadium. Nikasema manze, huyu anaongea na Kenya. Nikafikiria wanasiasa wanaokuja kanisani na mabunda ya pesa Jumapili. Nikafikiria wachungaji wanaopokea. Nikafika kejani nikaandika posti moja moto sana. Iliitwa "Neema ya Bei Rahisi Inauzwa Nairobi." Kama uliisoma, unajua ilivyokuwa. Nilichoma kila mtu. Ilisambazwa mpaka na wachungaji wenyewe.

Saa nne usiku nikapata meseji moja WhatsApp. Ilitoka kwa mtu ambaye hatukuwa tumeongea kwa miezi sita.

"Hicho kitabu umekimaliza ama ulipiga tu picha?"

Kabla sijajibu, ikaja nyingine.

"Nauliza tu. Juu ukikimaliza utajua mbona niliacha kukuja fellowship."

Nilijua anaongelea nini. Hata usijifanye, mtu hujua.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo nilikuwa nimeandika posti kuhusu kusamehe. Ndiyo iliyonifungulia njia. Ilisomwa na watu zaidi ya 40,000, na mimi kabla ya hapo nikifikisha 2,000 nilikuwa nasherehekea. Katikati ya hiyo posti kulikuwa na stori ya "dada mmoja ninayemjua." Huyo dada mmoja alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Alikuwa amenieleza usiku, kejani kwangu, taa imezimwa, kitu ambacho hakuwa amemwambia hata mamake. Nikakichukua. Nikatoa jina, nikabadilisha mtaa, nikaongeza mafunzo matatu ya kiroho mwishoni.

Nilijiambia nimemlinda. Lakini fellowship yetu ni watu 30 na kitu. Kila mtu anajua nani anatembea na nani. Iliwachukua siku moja kumjua "dada mmoja." Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia. Mimi nikasema kwa kikundi cha WhatsApp, "tuwaombee wale wanaopitia msimu wa ukame." Aki, niliandika hivyo kweli.

Sasa turudi kwa ile meseji. Sikuijibu usiku huo. Niliendelea kusoma kitabu, na safari hii bila kalamu ya manjano. Kuna mahali Bonhoeffer anapitia Mahubiri ya Mlimani, Mathayo sura ya tano mpaka ya saba, mstari kwa mstari. Akafika pale Yesu anasema ukileta sadaka yako madhabahuni na ukumbuke ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapohapo, nenda kwanza mpatane. Hicho kifungu nimekisikia tangu nikiwa mtoto. Lakini sikuwa nimewahi kuona kwamba Yesu hasemi "ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako." Anasema yeye ndiye ana neno juu yako. Mwenye kudai ni yule mwingine. Na ibada inasimama mpaka umfikie.

Ibada yangu ilikuwa nini? Ilikuwa hizi posti. Nilikuwa nimeziita huduma. Na nilikuwa nimezijenga juu ya mtu.

Hapo ndipo nilienda kwa cucu, Murang'a. Nilisema naenda kumsalimia, lakini ukweli nilikuwa natoroka simu.

Cucu wangu ni wa wale ndugu wa Uamsho. Kama ulilelewa na shosh wa aina hiyo unawajua: hakuna mapambo, salamu yenyewe ni "Tukutendereza," na wakikutana lazima mtu atoe ushuhuda. Huo Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukashika Uganda, ukaingia Kenya. Wanahistoria hutaja sana mwaka wa 1929, daktari Mwingereza anaitwa Joe Church alipokutana Kampala na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja na Biblia zao wakisoma na kuomba. Watu wawili tu na kitabu. Na enzi za ukoloni, ya kuuma sana, mzungu na mwafrika wakiambiana ukweli kama ndugu. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, wengi wa hawa ndugu hapa Kenya walikataa kula kiapo, na walikataa pia kubeba bunduki ya serikali. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo.

Tulikuwa tunachambua maharagwe. Nikamuuliza, "Cucu, ulipookoka ulisoma vitabu gani?"

Akacheka mpaka akashika kifua. "Nani alikuwa na vitabu? Nilikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo. Na nilikuwa na jembe."

"Jembe?"

Akanieleza. Kabla aokoke alikuwa ameazima jembe la jirani. Jirani alipolidai, akasema hana, akaapa kabisa. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango wake. Alipookoka, usiku wa kwanza hakulala. Asubuhi akalibeba begani, mchana kweupe, akapita njia ambayo watu wote wanamwona, akampelekea mwenyewe na kumwambia: nilikuibia, na nilikudanganya.

"Akakusamehe?"

"Alichukua jembe akafunga mlango."

"Sasa ukafanya nini?"

"Nikaenda kuazima la mtu mwingine nikalime." Akachambua maharagwe kidogo. "Lakini hiyo usiku nililala, mami. Huwezi kuimba haleluya na jembe la mtu liko nyuma ya mlango wako."

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimemaliza vitabu 17, na mwanamke aliyesoma viwili alikuwa amefika kabla yangu.

Nikirudi Nairobi kesho yake, nilikuwa nawaza hili neno letu, mwanafunzi. Kiingereza kina neno moja la mtu wa shule na lingine la mtu wa Yesu. Sisi tuna moja. Wale 12 wa Yesu ni wanafunzi, na wa Form Two ni mwanafunzi. Nadhani ndiyo maana huwa tunachanganya, tunafikiri uanafunzi ni darasa, una kitabu, una mtihani na cheti mwishoni. Lakini nenda Kamukunji uone mwanafunzi wa fundi wa masanduku. Hana kitabu. Ana nyundo, ana vidole vilivyochubuka, na anamwangalia fundi. Fundi akikunja bati, na yeye anakunja. Akikosea, anakunjua aanze tena. Hakuna anayemuuliza bati linakunjwaje kwa nadharia. Wanauliza sanduku liko wapi.

Nikampigia. Akakubali tukutane, kibanda cha chai karibu na stage. Aliagiza chapo na maharagwe na akalipa zake mwenyewe kabla chakula kifike. Hiyo nilielewa.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema, "Nilichukua kitu chako nikakitumia. Na nilijua ni wewe wataona. Nisamehe."

Alikaa kimya muda. Halafu akasema kitu ambacho nimeomba ruhusa nikiandike vile alivyokisema: "Unajua kilichoniuma si watu kujua. Ni vile uliandika ati umejifunza. Mimi ndiyo nililia, halafu wewe ndiyo ukajifunza."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Akaniambia vitu vitatu. Kwanza, hiyo posti itoke. Pili, niwaambie watu wa fellowship kwamba stori haikuwa yangu kusema. Tatu: "Na usiniulize kama nimekusamehe. Nikishasamehe utaona."

Kufuta posti ni sekunde mbili. Lakini wacha niwaambie ukweli, kidole kilikaa juu ya simu karibu nusu saa. Hiyo ndiyo posti iliyofanya duka fulani la vitabu linipate. Walikuwa wananitumia vitabu bure na shilingi 6,000 kila mwezi, na hizo ndizo zilikuwa zinalipa bando na nusu ya umeme. Nilijadiliana na Mungu kama mtu wa Gikomba. Nikasema nitaibadilisha tu hapo katikati. Nikasema watu 40,000 wamebarikiwa, kwani hao si watu? Ndiyo hapo nikagundua nilikuwa nafanya hesabu ileile niliyowachoma nayo wanasiasa: nimesaidia wengi, kwa hivyo mmoja anyamaze.

Nikaifuta. Nikaandika kwa nini nimeifuta, mistari sita. Mwisho wa mwezi wale wa duka wakaniandikia kwa adabu sana kwamba wameamua kuchukua mwelekeo mwingine. Siwalaumu. Na isitoshe, kuna watu walikuwa wamepiga picha ya skrini zamani. Nimeiona mara mbili tangu hapo, inazunguka bila jina langu. Jembe la cucu lilirudi likiwa zima. Langu halirudi lote, na hiyo nitaishi nayo.

Fellowship ndiyo iliyonishangaza. Ijumaa nikasimama nikasema. Mikono inatetemeka. Nilitarajia wanikasirikie. Badala yake mmoja akasema, "Lakini hiyo posti ilisaidia watu." Mwingine, "Umenyenyekea, Mungu amekuinua." Kiongozi akasema tuombe, tukaomba, tukaimba, tukapewa chai. Dakika kumi na tano mambo yameisha. Nilitoka nikijisikia mwepesi, nikafika stage ndipo ikanigonga. Hao watu wamenisamehe kitu ambacho sikuwakosea wao. Wamesamehe kwa niaba ya mtu ambaye hayuko, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anaendeleaje.

Hiyo ndiyo neema ya bei rahisi. Sikuiona kwa wanasiasa wala kwa mchungaji wa TV. Niliiona kwa chumba chenye watu ninaowapenda, ikitolewa kwangu, na ilikuwa tamu sana.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini, "Wokovu ni wa bure, soma Waefeso 2." Nimesoma. Ni kweli kabisa, na Bonhoeffer alikuwa mchungaji wa Kilutheri, hayo alijua kuliko sisi. Hakusema tununue neema. Hoja yake ni kwamba neema ile ya kweli ukiipokea, inakushika mkono inakupeleka mahali. Mwangalie Zakayo. Sisi vijana tulimwita Zakayo ashuke, tukaimba mpaka sauti zikakauka, mnajua tulikuwa tunamwambia nani. Lakini rudi kwa Luka 19. Yesu alisema ataenda kukaa kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Hiyo ni bure. Halafu Zakayo akasimama mwenyewe akasema nusu ya mali yangu ni ya maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Hakuna aliyemlazimisha. Tuliimba ashuke, tukasahau hiyo ya mara nne. Ama niseme mimi, nilikumbuka mara nne ya wengine tu.

Kuhusu Bonhoeffer mwenyewe, jambo la mwisho. Mwaka wa 1939 marafiki walimtafutia nafasi salama New York. Alifika mwezi wa sita, na mwezi wa saba akawa amerudi Ujerumani, kwa sababu aliona hataweza kusaidia kujenga kanisa lao baada ya vita kama hakuteseka nao. Alikamatwa mwezi wa nne mwaka wa 1943. Akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945, kambi ya Flossenbürg, wiki mbili tu kabla wanajeshi wa Marekani wafike pale. Alikuwa na miaka 39.

Lakini kinachonibamba zaidi si kifo chake. Ni barua aliyomwandikia rafiki yake kutoka jela mwezi wa saba mwaka wa 1944. Anakumbuka kitabu chake hiki na kusema sasa anaona hatari zilizokuwa ndani yake, ingawa bado anakisimamia. Alikuwa amefikiri anaweza kujifunza imani kwa kujitengenezea maisha ya utakatifu. Sasa amejua imani hujifunzwa ukiwa katikati ya maisha, na kazi zake, na shida zake, na makosa yake. Mtu aliyeandika kitabu kikubwa hivyo, yuko jela, bado anajikagua. Na mimi nilikuwa nimejipa cheti kwa kupiga picha ya jalada.

Watu wameniuliza kama nimeacha kusoma. Sijaacha. Nimebadilisha vile nasoma, na labda hii itakusaidia.

Moja, sisomi tena kitabu kimoja kwa mwezi. Mwaka uliofuata nilisoma vitatu tu. Nikifika mahali kitabu kinaniambia nifanye kitu, nasimama hapo mpaka nikifanye ama nikubali kwamba nimekataa. Kuna sura ilinikalisha wiki tano.

Mbili, siandiki chochote kuhusu kitabu mpaka siku 30 zipite tangu nikimalize. Kama bado kinaniuma baada ya mwezi, hapo kuna kitu. Kama nimekisahau, basi nilikuwa natafuta tu posti.

Tatu, stori ya mtu ni mali ya mtu. Hata ukitoa jina. Hata ukiona itasaidia dunia nzima. Muulize, na akisema hapana, iishie hapo. Ushuhuda wa mwingine si kontenti yako.

Nne, soma na mtu. Joe Church na Nsibambi walikuwa wawili. Chuo cha Bonhoeffer kilikuwa nyumba moja, watu wanakula pamoja na kuungamiana, na baadaye aliandika kitabu kidogo kuhusu maisha hayo. Ukisoma peke yako utajipigia makofi. Mwenzako atakuuliza, "Sasa hiyo utafanya lini?"

Mwenzangu wa kusoma siku hizi mnamjua. Hatukai kwa kanisa moja tena, alishapata kwingine na anapapenda. Karibu mwaka mmoja baada ya ile chai, alinitumia sauti ya sekunde kumi: "Bado uko na kile kitabu cha mia na hamsini? Nataka kukisoma, lakini sitaki mihadhara yako." Nikampelekea. Sasa Jumanne usiku tunapigiana simu na kusoma kurasa kama tano. Si kama zamani. Kuna vitu ambavyo zamani angeniambia na sasa haniambii, nami siulizi. Sijui kama hiyo ndiyo kusamehe aliyosema nitaona. Sijamuuliza.

Rafu bado iko, lakini nimeitoa nyuma ya kamera. Imeangalia kitanda changu sasa, ili vitabu vinione mimi.

Basi, hiyo ndiyo ilikuwa mzigo. Usiniandikie hapo chini kwamba nimekubariki. Fanya hivi badala yake: kabla ulale leo, fikiria nyuma ya mlango wako kuna jembe la nani. Halafu usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe.